Kapu Lililotema Sadaka

Mpo? Basi sikilizeni. Zimwi lilimmeza Aikaruwa, mwuza ndizi. Akamlilia Mungu mle tumboni, "Bwana, nitoe humu, nami ni wako!" Zimwi likamtapika palepale, mzima.

Jumapili ya mavuno akatia kuku kwenye kapu kubwa la sadaka kanisani. Kapu likamtema. Akatia mkungu wa ndizi, likautema. Akaleta mbuzi, likamtema, waumini wakacheka.

"Unataka nini basi?" akafoka.

"Kule tumboni ulisemaje?" kapu likauliza.

Aikaruwa akakumbuka lile giza, machozi yakamtoka. Akavua kandambili, akaingia kapuni mwenyewe. Kapu likatulia tuli. Akakaa humo, akangoja.

"Bado umekaa?" likamwuliza. "Toka ukafanye kazi, mama. Mali ya Bwana haiachwi ioze kapuni."