Bunduki Aliyopewa na Mkwe

Hii nimeletewa na mtu, naye kaletewa na mtu. Isome mpaka mwisho. Ikikupendeza, mpitishie mwenzako. Ikikuudhi, mpitishie mkweo.

Katika mji mmoja wa bara palikuwa na mwanamke aitwaye Nyamizi. Alikuwa mlinzi wa rungu kwenye geti la kiwanda cha mafuta ya alizeti. Siku moja kampuni yake ikatangaza kwamba walinzi wa rungu hawatakiwi tena. Mwenye kibali cha kubeba silaha atabaki, asiye nacho ajitafutie pengine. Mumewe Nyamizi alikuwa amelala nyumbani tangu alipoanguka kwenye lori akaumia mgongo, kwa hiyo nyumba nzima ilimtazama yeye. Akaomba kwenda mafunzoni.

Watu hudhani kupewa bunduki ni kuvishwa sare na kusimamishwa mlangoni. Thubutu! Nyamizi alichukuliwa alama za vidole, polisi wakapekua kama amewahi kufanya kosa. Daktari akampima macho, kisha akamuuliza kama huwa anasikia sauti za watu wasioonekana. Akakaa darasani kusoma sheria: wakati gani unaruhusiwa kuinua mtutu, na wakati gani huruhusiwi hata ukitukaniwa mama yako. Akapelekwa uwanjani kulenga shabaha mpaka bega likavimba. Yote hayo akayapita.

Likabaki jaribio moja, dogo kuliko yote, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Jaribio lenyewe ni kupokea silaha. Mtunza ghala anakukabidhi bunduki mbele ya mtahini na kukwambia, "Iko tupu." Unaikagua mwenyewe. Kisha unalenga duara lililochorwa kwa chaki kwenye ukuta wa mbao, unavuta kifyatulio mara moja bila risasi, unairudisha. Basi, umemaliza.

Tabu ni kwamba mtunza ghala alikuwa Mzee Lugendo, baba mkwe wake.

Kwao, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Akimwona njiani humpisha. Akimpelekea maji huyaweka chini, mzee ayachukue mwenyewe. Sasa leo aambiwe na mzee huyo kwamba bunduki iko tupu, halafu aifungue mbele ya watu kuangalia kama kasema kweli? Si ni sawa na kumwambia muongo? Na Mzee Lugendo hakuwa mzee wa hivi hivi. Alistaafu jeshini akiwa sajini, na mpaka leo alikwenda sokoni kwa mwendo wa gwaride. Neno lake halikuwahi kurudishwa na mtu.

Asubuhi ile mama mkwe alimsindikiza Nyamizi hadi nje ya ua.

"Nenda, mama, Mungu akutangulie," alimwambia. "Ila baba yako akisema neno, liache lipite. Usituletee aibu."

Nyamizi akaitikia, akashika njia.

Chuoni wanafunzi walipanga foleni nje ya chumba cha jaribio. Nyamizi alisimama karibu na mlango, akawa anaona kila kitu. Mtahini, Afande Bertina, alikuwa ameketi pembeni na kalamu yake. Uso wake haukusema lolote. Mzee Lugendo alisimama katikati, kifua mbele.

"Iko tupu," alisema mzee, akamkabidhi wa kwanza.

"Ahsante, Mzee," alijibu yule kijana, akaipokea kwa mikono miwili, akalenga chaki, akavuta. Ka! Akairudisha. Hakukagua.

Wa pili naye hakukagua. Wa tatu vivyo hivyo. Nani angethubutu? Kila aliyemaliza alizunguka nyuma ya jengo kukaa kivulini, na kicheko chao kilisikika kupitia mbao za ukuta. Jua lilikuwa kali, na kivuli pekee kilikuwa upande ule.

Nyamizi aliyakumbuka maneno ya mwalimu wao wa darasani: "Silaha haina mjomba. Akupe yeyote, fungua uone." Lakini moyo wake ulimbishia. Hawa wote hawakukagua, na mzee si mkwe wao. Nikikagua mimi peke yangu, si nitaonekana namkomoa? Na nisipokagua nikaangushwa, tutakula nini?

Ikafika zamu ya Kulwa, aliyekuwa mbele yake. Huyu alikuwa mcheshi, akaipokea bunduki huku amepiga goti kama bibi harusi. Alipovuta kifyatulio, kikagoma. Akavuta tena, kimya.

"Mwache, yeye kamaliza," alisema Afande Bertina. "Mzee, tafadhali leta nyingine."

Kulwa akatoka kwenda kivulini na wenzake. Mzee Lugendo akaenda uwanjani, ambako kundi jingine lilikuwa likipiga shabaha. Baada ya muda mfupi akarudi na bunduki nyingine, magazini yake, kile kikasha cha risasi, ameshaichomoa na kuishika mkononi.

"Nyamizi!" aliita mtahini.

Nyamizi akaingia. Akapiga goti, macho chini, akanyoosha mikono. Uzito wa bunduki ukamshukia viganjani.

"Iko tupu, mkwe wangu," alisema mzee kwa upole.

Yale maneno "mkwe wangu" ndiyo yaliyommaliza. Angesema "iko tupu" tu, ingekuwa afadhali. Nyamizi akasimama, akaielekea chaki. Nyuma ya mbao Kulwa alikuwa akisimulia kitu na wenzake wakivunjika mbavu. Kidole cha Nyamizi kikakaribia kifyatulio, kikasita.

Akaushusha mtutu chini.

"Baba, unisamehe," alisema. "Naomba niitazame."

Shingo ya Mzee Lugendo ikakakamaa. Nyamizi alitamani ardhi ipasuke immeze. Akapiga moyo konde, akaishika koki, ule mkono wa kuifungulia bunduki, akaivuta nyuma mpaka mwisho.

Risasi ikaruka, ikagonga sakafu, ikabingirika hadi penye kiatu cha mzee.

Nyuma ya ukuta Kulwa alikuwa bado anacheka.

Afande Bertina alinyanyuka, lakini hakuifuata risasi. Alikwenda kwenye ukuta, akachungulia katika upenyo wa mbao, palepale kwenye chaki. Aliona mgongo wa mtu, na mwingine, na mwingine. Akarudi, akaichukua bunduki mikononi mwa Nyamizi.

"Nani ameitoa hii uwanjani?" aliuliza.

"Mimi," alisema Mzee Lugendo.

"Uliikagua?"

"Nilichomoa magazini. Njiani nikasalimiwa, nikasimama kusalimiana. Risasi moja iliyokuwa imeshapanda ndani ya mtutu, nikaisahau. Nilikuwa na hakika iko tupu. Ningeapa."

Papo hapo Afande Bertina akasimamisha jaribio. Wote waliopita kabla ya Nyamizi waliambiwa wameanguka, maana hawakukagua, na akaamuru ukuta ule usilengwe tena. Mzee Lugendo akafungua funguo za ghala kiunoni, akaziweka mezani bila kungoja kuombwa.

Nyamizi alipita, peke yake. Lakini hakufurahi hata kidogo. Alirudi nyumbani pole pole, huku machozi yakimtoka. Kazi nimeipata, aliwaza, lakini leo nafukuzwa kwa watu.

Alipoingia uani alikuta ukoo umekusanywa. Mumewe alikuwa ametolewa nje na godoro lake. Mama mkwe hakuitikia salamu. Habari zilikuwa zimetangulia: mkamwana kamuumbua mzee mbele ya wanafunzi.

"Mkwe wangu, njoo hapa," aliita Mzee Lugendo. Nyamizi akaenda, akapiga goti, akangoja hukumu.

"Nasikia mnanong'ona," mzee aliwaambia jamaa zake. "Nyamazeni niwaambie mimi. Ni kweli, leo mkwe wangu hakuniamini. Vijana wote wale waliniamini, yeye akakataa. Neno hili 'iko tupu' nimelisema miaka mingi, mpaka nikaacha kutazama. Na watu wamelipokea miaka mingi, mpaka wakaacha kuniuliza."

Akamnyooshea Nyamizi mkono.

"Angenionea haya huyu, saa hizi mngekuwa mmetandika mikeka kwenye msiba. Risasi ingekuwa imemkuta mtoto wa watu mgongoni. Mngesema Nyamizi kaua. Lakini muuaji ningekuwa mimi, na yeye ndiye angefungwa."

Mama mkwe akajifunika uso kwa khanga, akaangua kilio.

Funzo: Mpigie mkubwa wako goti, lakini usimfumbie macho, na wewe mkubwa, anayelipima neno lako hajakutukana, huenda amekuokoa usiue.