Chapuo na Kwale wa Mama Mkwe

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo sauti ya watu wenye njaa. Paukwa!

PAKAWA!

Ehee! Sasa tuko pamoja.

Hapo zamani za kale, wanyama wakiwa bado wanasemezana, alikuwako mbwa akiitwa Chapuo. Mbwa wa kuwinda kwale huyo! Asubuhi anawinda na bwana wake, Nassoro. Jioni anachezewa masikio na Hadia, binti mdogo wa Nassoro, na usiku wanalala mkeka mmoja. Chapuo alimpenda Hadia, jamani, alimpenda!

Na kazi aliijua. Akinusa kwale majanini, tuli! Mguu mmoja juu, mkia umenyooka. Nassoro anarusha wavu, phwaa! Kwale akichoropoka, Chapuo mbio, kap! Anamleta mdomoni akiwa hai, achinjwe nyumbani. Kwani kwale akifia mdomoni ni kibudu, na kibudu hakiliwi. Kinatupwa kichakani. Na kichakani nani anakula? Mbweha!

Basi siku hiyo mama mkwe anakuja! Bi Mwanatumu mwenyewe, mama yake mke wa Nassoro. Mwanamke wa maneno mawili tu, na yote makali. Alitanguliza ujumbe: "Nataka kwale. Nisipomkuta kwale, na huyo mbwa mla bure nisimkute."

Weee! Chapuo aondoke? Amwache Hadia? Nassoro akashika wavu.

Wakaenda. Wakatafuta. Jua likapanda, kwale hakuna. Jua likapanda tena, hakuna! Ghafla Chapuo, tuli! Mguu juu. Wavu, phwaa! Kwale akachoropoka, prrrr! Akavuka kijito. Chapuo naye, chubwi! Akavuka. Mbio, mbio, mbio, kap!

Akageuka arudi. Nani amesimama njiani? Mbweha, anajilamba midomo. Akawaza, "Nikimkasirisha huyu, atauma meno. Akiuma meno, kwale kwisha. Leo nakula!"

"Hujambo, mtumwa wa watu!"

"Mmm," akajibu Chapuo. Ajibu nini na mdomo umejaa?

"Nyama wale wao, mifupa ule wewe. Huoni haya?"

"Mmm." Chapuo akampita.

Mbweha akamfuata. "Hayo meno ni ya nini? Ya kuchekea?"

"Mmm!"

Kwale naye akamdonoa puani. Du! Du! Du! Machozi yakamtoka Chapuo. Mbio, mbio, mbio!

Mbweha akaona nyumba inakaribia. Akatoa la mwisho. "Chapuo! Hata Hadia hakupendi! Jana kaniambia unanuka!"

Lo! Hilo lilimwingia. Damu ikamchemka, taya likamtetemeka. Kwale akalia, kwii! Jamani, ingekuwa wewe?

Ningemng'ata!

Najua ungemng'ata. Nakujua wewe.

Chapuo akafumba macho. Akalegeza taya, kidogo tu. Akakimbia huku moyo unamuuma. Mbio, mbio, mbio, mpaka uani, mbele ya Bi Mwanatumu aliyeketi kwenye kigoda amekunja uso. Nassoro akafika nyuma yake, anahema. Chapuo akamweka kwale mkononi mwa bwana wake. Kwale akapiga mbawa, pa pa pa!

"Yu hai!" akapiga kelele Hadia. "Baba, yu hai!"

Nassoro akashika kisu, bismillahi, akachinja.

Sasa mdomo wa Chapuo ni mtupu. Akageuka. Mbweha yuko penye ua, anachungulia. WAU! WAU! WAU! Matusi yote yakajibiwa kwa mpigo! Mbweha akaufyata mkia, akatimua mbio mpaka ng'ambo ya kijito.

Hadia akamrukia Chapuo shingoni, akamkumbatia na matope yake yote. Hapo Chapuo akajua Mbweha ni mwongo.

Bi Mwanatumu akala kwale. Akalamba vidole. Akamtazama Nassoro, akamtazama mbwa.

"Mwanangu Nassoro," akasema, "huyu haondoki. Ukija kunitembelea, mlete. Na wewe ukikosa nafasi, aje peke yake."

Basi watoto, na nyinyi wazazi mnaocheka: anayekutukana ukiwa kazini anataka kazi yako iharibike, ale yeye. Usimjibu njiani. Fikisha kwanza.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kwale ameliwa, mbwa yuko kwao, na mimi mate yamenikauka.