Anayebipu Hana Shida

Kaeni. Wimbo wa kutangulia neno leo tutauacha, kwaya mnisamehe. Nina hadithi ya mtu mmoja, na msijisumbue kumtafuta mtaani, nimemtunga mwenyewe. Nilipokuwa namtunga, hata hivyo, sikwenda mbali kutafuta sura yake.

Mtu huyu alikuwa na duka la dawa za mifugo mjini, na madaktari wawili wa kuzunguka vijijini na pikipiki. Ng'ombe wako akiugua, unapiga simu, daktari anakuja. Namba ya duka aliiandika ukutani, kwenye pikipiki, na kwenye kalenda alizogawa kila Desemba. Ilikuwa namba rahisi. Hata mtu asiyejua kusoma aliikariri.

Simu yenyewe ilikaa juu ya meza ya mama mmoja mtu mzima, kazi yake kupokea. Sasa niwaulize, kule kwetu nani anapiga simu? Tunabipu. Inalia mara moja, unakata, vocha yako inabaki salama, na mwenye utu anakupigia. Yule mama alikuwa na utu. Akiona namba anasema, "Huyu ni mjane wa kule bondeni, mwenye ng'ombe mmoja, habipu bila sababu." Anapiga, anauliza, anamtuma daktari. Miaka tisa ilikwenda hivyo.

Siku moja akaja kijana wa mauzo kutoka jijini, amechomekea, na kishikwambi mkononi. "Mzee," akamwambia mwenye duka, "biashara zote zinazojielewa zimehamia simu za intaneti. Habari ya laini kuwa bize imekwisha. Watu mia wakipiga kwa pamoja, wote wanapokelewa, tena mlio wa kwanza. Hata wewe ukiwa umelala."

Mama wa mapokezi alikuwa amekaa palepale. Akauliza, "Na wanaobipu, je?"

Mwenye duka akacheka. "Mama, anayebipu hana shida. Mwenye shida hupiga."

Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Mashine ikafungwa, na mama akaambiwa apumzike nyumbani. Mwenye duka alikuwa na sauti nzuri, ile sauti nzito ya kusomea matangazo, kwa hiyo akairekodi mwenyewe: "Habari yako, ndugu mteja. Habari za nyumbani? Asante kwa kutupigia. Simu yako ni ya thamani sana kwetu. Kwa dawa za kuku, bonyeza moja. Kwa chanjo, bonyeza mbili. Ukihitaji daktari, tafadhali subiri." Halafu muziki. Ndugu zangu, mimi sina ugomvi na mashine. Mashine haikumdanganya mtu, ilisema ilichotiwa mdomoni.

Sasa yule mjane wa bondeni. Ng'ombe wake alishikwa na uchungu asubuhi, ndama amekaa vibaya, miguu ya nyuma imetangulia. Ng'ombe yule ndiye aliyekuwa ada ya mjukuu, ndiye chumvi, ndiye sabuni. Mjane akachukua simu yake, akabipu kama miaka yote. Kabla hajakata, mashine imepokea. Sauti ya mwanaume mwenye adabu inamwambia, habari yako, habari za nyumbani.

Na yeye angefanya nini? Wewe mama yako alikufundisha nini? Ukisalimiwa, unaitika. Bibi wa watu akaitika. "Nzuri, baba. Za nyumbani nzuri, tunamshukuru Mungu. Za huko mjini? Watoto hawajambo?" Mwanaume anaendelea na kuku wake. Bibi akaona pengine mtandao mbaya, akasalimu upya, polepole, kwa heshima. Akawa ndiyo kwanza anaanza kusema, "Baba, ng'ombe wangu," simu ikakata. Vocha imekwisha. Iliishia kwenye salamu.

Akakaa chini pembeni ya ng'ombe wake, akingoja kupigiwa. Maana kwa akili yake, amezungumza na mtu. Alisikika. Mtu mwenye sauti nzuri namna ile, mwenye kuuliza habari za nyumbani, angeachaje kupiga? Alingoja mpaka saa nane mchana, ng'ombe akafa na ndama wake tumboni.

Mwisho wa mwezi mashine ikatoa ripoti. Simu zilizoingia, hizi hapa. Simu zilizopokelewa, zote. Zisizopokelewa, hakuna. Mwenye duka akaichapisha ile karatasi, akaitia kwenye fremu, akaitundika ukutani. Mnacheka? Chekeni sasa hivi, nawapa nafasi.

Miezi ikapita. Siku ya mnada wa mifugo yule bwana alikuwa anaendesha gari peke yake kwenye njia ya bondeni. Tairi likapasuka, gari likaacha njia, likapinduka korongoni. Alipopata fahamu mguu wake umebanwa chini ya mlango, damu inatoka, simu yake imevunjika vipande. Akapiga kelele. Kijiji kizima kiko mnadani. Aliyemsikia ni bibi mmoja tu, ambaye hakuwa na sababu ya kwenda mnadani, kwa kuwa hakuwa na mfugo.

Bibi akateremka korongoni, akajaribu kuinua gari kwa mikono yake, mnaweza kufikiri lilimsikiliza kiasi gani. Yule bwana akasema, "Mama, una simu?"

"Ninayo, mwanangu. Ila vocha ni ya kubipia tu."

"Nipe. Nitabipu, vijana wangu watanipigia."

Nani kasema hivyo? Nitabipu. Mdomo ni uleule.

Na namba ipi ataikumbuka mtu ambaye namba zake zote zilikuwa ndani ya simu iliyovunjika? Moja tu, ile ya kwenye kalenda. Akaibonyeza kwa kidole chenye damu. Kabla hajakata, imepokelewa. Na simu za wazee wetu mnazijua, sauti iko juu, hata mtu aliyesimama mbali anasikia. "Habari yako, ndugu mteja. Habari za nyumbani? Asante kwa kutupigia."

Akapiga kelele, "Ni mimi, leteni gari." Nayo sauti yake ikamjibu, kwa dawa za kuku, bonyeza moja. Akalia, "Nakufa huku." Ikamwambia, tafadhali subiri. Ukaanza muziki, halafu simu ikakata, vocha imekwisha.

Yule bibi alikuwa amesimama anatazama simu, anamtazama yeye. Akasema taratibu, bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira, "Kumbe ni wewe, baba. Sauti yako naijua. Ulinisalimia vizuri sana siku ile ng'ombe wangu anakufa."

Akaivua kanga yake ya juu, akamfunga ule mguu, akaenda kwa miguu mpaka barabara kuu kusimamisha lori. Bondeni hadi barabara kuu si karibu, na magoti ya bibi ni magoti ya bibi. Bwana yule alipona. Mguu haukupona, waliukata.

Sasa ngojeni. Naona mnatikisa vichwa, mnamsikitikia bibi, mnamwona yule bwana mjinga. Hapo ndipo nilipotaka tufike, kwa sababu nyumbani kwetu sisi hakuna mashine ya intaneti, na bado watu wanapiga vocha zinakwisha.

Mtu wetu akiwa na shida hasemi. Tumelelewa hivyo. Anakuja kwako jioni, anakaa, anauliza habari za watoto, habari za kuku, anakunywa maji. Anainuka. Unamwuliza, kuna jambo? Anasema, hapana, nilikuwa napita tu. Nani anapita tu, kilomita tano, kwa miguu? Amekubipu huyo. Na wewe na mimi tunamjibu kwa ile sauti tuliyoirekodi zamani. Karibu sana. Tuombeane. Mungu ni mwema. Ni maneno matamu, na hayamfikishi popote, na yeye anarudi kwake anangoja kupigiwa, maana anadhani alizungumza na mtu.

Nimesema wewe na mimi. Nitaanza na mimi.

Mnalikumbuka benchi la tatu, upande wa dirisha. Mzee aliyekuwa anakaa pale alikuja ofisini kwangu mara tatu mwezi uliopita. Mara ya kwanza aliuliza habari za safari yangu. Mara ya pili alisifia rangi mpya ya mlango. Mara ya tatu alikaa tu, akashika kofia yake, mimi nikaangalia saa. Nikamshika mkono nikasema, "Mzee, tuombeane." Akasema, "Haya, mchungaji." Akaenda. Kwamba dawa zake za presha zilikuwa zimekwisha tangu wiki ya kwanza, na hakuwa na wa kumwambia, hayo nimeyajua Alhamisi, kaburini tukimzika, kwa mdomo wa jirani yake.

Ijumaa nikajaza ripoti ya usharika. Kuna mstari unaouliza wageni waliofika ofisi ya mchungaji wamehudumiwa wangapi. Nikaandika, wote.

Kwa hiyo leo mlangoni msinipe mkono mkaniambia mahubiri yalikuwa mazuri. Sauti nzuri ninayo, najua. Wiki hii kuna mtu alipita tu nyumbani kwako. Unamjua, umeshamkumbuka, nakuona unatazama chini. Usingoje baraka ya mwisho. Toka nje, mpigie, na akikuambia hana shida, mfuate.