Kipande cha Jezi

Palikuwa na beki mmoja, ndugu zangu, mtu mpole kabisa nyumbani kwake, lakini ikipigwa kona, ole wako ukisimama karibu naye. Mkono wake wa kushoto ulizoea jezi za watu. Unavuta kidogo, unaachia, refa haoni. Wenzake wakimtania, "Kaka, wewe ungekuwa fundi cherehani, kitambaa hukiachi!" Naye anacheka.

Ikafika mechi ya mwisho ya msimu. Sare ilikuwa inawashusha daraja, bao moja tu lingewaokoa. Dakika za nyongeza wakapata kona, beki wetu akapanda mbele. Mara akahisi amekumbatiwa kiunoni na mpinzani. Mnaojua mpira mnajua jinsi damu ilivyomchemka! "Refa! Nashikwa huku! Refa!"

Mpira ukaja, mwenzake akaruka, akaupiga kichwa, ukatinga wavuni. Uwanja mzima ukasimama kwa shangwe. Kisha ikalia filimbi. Bao limekataliwa.

Beki alimkimbilia refa huku machozi yakimlengalenga. "Mzee, nimeshikwa mimi, halafu unatunyima sisi bao? Haki iko wapi?"

Refa hakupandisha sauti. "Nimeona ulivyoshikwa, kijana wangu. Lakini wewe ndiye uliyeanza. Na mwenzako aliruka peke yake, hakuhitaji msaada wako. Usingeanza, bao lile lingekuwa lenu. Hebu fungua mkono."

"Mkono gani?"

"Huo wa kushoto."

Akautazama. Ngumi ilikuwa bado imekazwa, na ndani yake mna kipande cha jezi ya kijani, jezi ya yule yule aliyekuwa akimshtaki. Hata hakukumbuka alikishika saa ngapi. Timu ikashuka daraja.

Je, beki yule alisema uongo? Hapana, alishikwa kweli! Na sisi tunapokuja hapa kumshtakia Mungu jirani, au shemeji, au huyo tuliyemwacha nyumbani asubuhi hii amenuna, mara nyingi tunasema kweli tupu. Tumeumizwa. Lakini Mungu aliyeuona mkono wa mwenzetu, wetu hakuuona?

Sasa tunasimama kuomba, na najua wengi tumekuja na kesi. Zileteni, Mungu anasikiliza. Ila kabla hatujaiinua mikono yetu, tuifungue kwanza, tuitazame.