Mwalimu na Chemshabongo ya Nyota

Kulikuwa na mwalimu mmoja, wapendwa, aliyezijua sayari kuliko alivyowajua majirani zake. Mirihi, Mshtarii, Zohali na pete zake, zote alikuwa nazo kichwani. Ukimsalimia njiani anakuitikia vizuri tu, halafu kabla hujapita anakuuliza kwa nini Mirihi ni nyekundu. Watu wazima walianza kupitia njia ya shambani. Lakini wanafunzi wake wa darasa la saba walimpenda sana, na hao darubini walikuwa wameiona kwenye picha ya kitabu tu, tena picha yenyewe imechanika.

Basi redio moja ikatangaza chemshabongo ya mambo ya anga. Unapiga simu Jumamosi alasiri, unaulizwa maswali matatu, ukiyapata yote shule yako inapewa darubini. Mwalimu aliposikia hivyo akaingia darasani, akawaambia watoto, "Hiyo darubini ni yetu. Anzeni kutafuta pa kuiweka." Watoto wakafagia stoo siku hiyo hiyo. Mnaona mtoto anavyomwamini mtu mzima?

Jumamosi ikafika. Mwalimu akaitoa sabufa yake yenye redio sebuleni, akaipandisha dirishani, spika zikatazama nje. Watoto wakakaa kwenye nyasi. Akafungulia sauti mpaka mwisho, kisha akaketi ndani na simu yake. Mke wake alikuwa anamwangalia.

"Baba Tumsifu, hiyo redio si uizime? Watoto waende wakasikilize kwa jirani."

"Nikizima, nitajuaje ninavyosikika?"

Nawauliza, wapendwa, huyu alikuwa anapiga simu ajibu maswali, au ajisikie? Mke wake akavuta kigoda, akakaa mlangoni.

Simu ikapokelewa. Mtangazaji alikuwa binti mchangamfu, akamwambia kabla ya yote, "Shikamoo mwalimu wetu. Naomba upunguze sauti ya redio yako, inatuingilia huku."

"Marahaba mwanangu. Nimeshapunguza."

Hakuwa amepunguza chochote. Akaulizwa ni sayari ipi yenye joto kali kuliko zote. Wengi hapo husema Utaridi, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na jua, na wengi huishia hapo. Yeye akasema Zuhura, akaeleza na habari za hewa yake nzito inayozuia joto lisitoke, ingawa hakuna aliyemwomba maelezo. Akaulizwa ni nyota ipi iliyo karibu zaidi na dunia. "Jua!" akasema. "Watu husahau kwamba nalo ni nyota." Mtangazaji akampigia makofi.

Sasa mnafahamu, siku hizi sauti za redio huchelewa. Unasema neno kwenye simu, kwenye spika linatoka baadaye kidogo. Mwalimu simu aliiweka sikio la kulia, na sikio la kushoto alilielekeza dirishani. Dirishani huko akaanza kujisikia: sauti nzito, ya msomi, inaeleza habari za Zuhura kwa mpangilio. Watoto nje wakashangilia. Ilikuwa tamu, wapendwa. Nadhani hakuwa amewahi kusikia kitu kitamu namna ile tangu azaliwe.

Wakati huohuo, kwenye sikio la kulia, binti alikuwa anasema, "Swali la mwisho. Ni kitu gani cha angani kinachochangia zaidi bahari kujaa na kupwa?"

Na dirishani sauti ileile ya binti ilikuwa bado iko nyuma, inauliza ni nyota ipi iliyo karibu zaidi na dunia. Mwalimu alikuwa anasubiri kusikia atakavyojibu yeye mwenyewe.

"Mwalimu, upo? Muda unakwisha."

"Nipo, nipo," akasema, na kwa kujiamini kote akamjibu: "Jua!"

Simu ikakatwa. Akapiga mtu wa mji mwingine, akasema "mwezi", na darubini ikaenda huko.

Watoto walisikia yote. Swali hilo mwalimu alikuwa amewafundisha muhula uleule, na hakuna hata mmoja ambaye angelikosa. Wakainuka mmoja mmoja, wakajikung'uta nyasi, wakaenda kwao. Hawakumcheka, na hilo lilimuuma kuliko kama wangemcheka.

"Ni mwezi," akamwambia mke wake. "Lile swali hata usingizini nalijibu."

"Ndivyo ninavyofahamu mimi. Sasa imekuwaje?"

Mwalimu akainuka, akaizima redio. "Sikulisikia, mama. Nilikuwa najisikiliza."

Haya, tuseme nini sisi? Mwalimu hakupungukiwa elimu. Na sisi hatujapungukiwa. Niwaulize majina ya mitume hapa, mtanitajia yote hata kabla sijamaliza swali. Lakini Mungu leo anatuuliza habari ya leo. Anatuuliza habari ya yule ndugu ambaye hatusalimiani naye, na ya yule mama mgonjwa anayepitwa mlangoni tunapokuja ibada. Sisi tunamjibu kwa ushuhuda tulioutoa mwezi uliopita, kwa sababu tulipigiwa vigelegele na bado tunavisikiliza. Tunaomba kwa sauti nzuri, jicho moja liko wazi, tuone nani kasema amina.

Na msimhurumie sana mwalimu. Nyota zake alikuwa anazijua kabla, akabaki nazo baadaye. Waliokosa ni watoto. Kila tunapokaa tukajisikiliza, kuna watu wako nje wanangoja kitu ambacho kingepitia kwetu, nao hawatatulaumu. Watainuka tu waende kwao.

Tusimame, tuombe. Leo hakuna atakayeshika kipaza sauti.