Bega la Kushoto la Golikipa

Wapendwa, leo nawapeleka uwanjani. Wasioujua mpira msinikimbie, jambo lenyewe ni jepesi. Timu ina watu kumi wanaokimbia huku na huko, na mmoja anayekaa langoni. Wale kumi mmoja akikosea, yupo mwenzake wa kumfunika. Huyu wa langoni akikosea, ni goli, na uwanja mzima umeona.

Basi palikuwa na golikipa, tumwite Ambokile. Alitoka kijijini na glavu za kuazima, akapanda hadi akawa kipa namba moja wa timu kubwa ya jiji. Mashabiki walimwita Gundi, kwa sababu mpira ukifika mikononi mwake unanata. Akienda sokoni, wauza nyanya wanamwongezea. Akiingia kanisani, wazee wa kanisa wanasogea ili akae mbele. Mnacheka, lakini nanyi mngesogea.

Msimu mmoja, wiki moja kabla ya fainali, mshambuliaji wa timu pinzani alimwangukia. Bega la kushoto likalia ndani kwa ndani, sauti aliyoisikia yeye peke yake. Akainuka, akajipangusa nyasi, akaonyesha dole gumba. Daktari wa timu akamuuliza, "Vipi, uko sawa?" Akajibu, "Niko fiti." Nyuma yake walikuwapo makipa wawili wakisubiri nafasi hiyo, naye alijua kabisa kwamba kipa akitoka langoni, kurudi ni kazi.

Siku ya fainali, dakika ya themanini, ikapigwa krosi laini, ya kudakwa na mtu yeyote. Ambokile akaruka. Mkono wa kulia ukaenda. Wa kushoto ukakataa. Mpira ukampita, ukaingia wavuni taratibu, kama mgeni aliyekaribishwa.

Timu ikakosa kombe. Kesho yake jina la Gundi lilikuwa limekwisha, anaitwa Sabuni. Wengine walisema amezembea, wengine wakasema ameuza mechi. Naye angeweza kusema neno moja tu, "Naumwa," watu wakamwelewa. Hakulisema. Alijiambia, "Afadhali waseme nimezembea kuliko waseme nimekwisha."

Nawauliza, ni wangapi kati yetu tumebeba lawama isiyo yetu, ilimradi tu watu wasijue panapouma?

Akawekwa benchi. Msimu ulipoisha akaachwa. Alikaa nyumbani miezi mitano, simu haiiti. Halafu akapigiwa na kocha wa timu ndogo ya daraja la chini, huko milimani kwenye baridi, mtu ambaye hajawahi kuonana naye. Kocha yule hakuwa na maneno mengi. "Nina lango, sina mtu. Unakuja?"

Ambokile akahama na mkewe na mtoto wao. Na huko, ndugu zangu, alijifunza kuficha vizuri zaidi. Langoni alisimama hatua moja kushoto, ili mipira mingi imjie upande wa kulia. Shuti likienda juu kushoto, aliruka kwa kuchelewa makusudi, ionekane amepotezwa maboya, kadanganywa na mpigaji. Kabla ya kila mechi alimeza vidonge viwili vya maumivu chooni. Na timu ikashinda. Wakafungwa magoli machache kuliko timu yoyote ya daraja lile. Moyoni akajipongeza, "Nimewaweza."

Aliyekuwa hajawezwa ni mke wake, Tusekile. Asubuhi moja, siku mbili kabla ya mechi ya mwisho, ile ambayo wakitoka hata sare wanapanda ligi kuu, alimkuta mumewe ameketi kitandani na shati limeingia mkono mmoja tu.

"Baba Lusajo, mkono umefanyaje?"

"Nimeulalia vibaya."

"Mwaka wa pili huu unaulalia vibaya?" Akachukua ule mkono polepole, akauingiza kwenye shati, akafunga vifungo kimoja kimoja kama anavyomfunga mtoto. Kisha akasema, "Mimi sikuolewa na golikipa. Niliolewa na wewe. Nenda kamwambie kocha."

"Nikimwambia, Jumamosi sichezi. Na nisipocheza, nani ataniita tena?"

Tusekile akaenda jikoni. Alimpa chai. Ambokile akaipokea kwa mkono wa kushoto, kikombe kikamtoka kikavunjika sakafuni. Wakaangaliana. Akavaa viatu, akaondoka.

Alimkuta kocha nyuma ya uwanja, anaanua jezi kambani. Njia nzima alikuwa amepanga maneno: aanze na fainali, aeleze vidonge, aombe msamaha, ajitetee kidogo. Alipofika yakatoka matano tu.

"Mwalimu, Jumamosi sitaweza kudaka, samahani."

Kocha akakunja jezi aliyoishika, akaiweka kwenye beseni. Akauliza, "Bega?"

Neno moja la kocha lilikuwa limemaliza hotuba yote ya Ambokile. "Nani amekwambia?"

"Wewe mwenyewe. Siku ya fainali nilikuwa jukwaani. Mkono wa kulia ulikwenda, wa kushoto ukabaki. Hakuna mtu anayezembea kwa mkono mmoja. Nikasema, yule kijana anaumwa. Ndiyo maana nikakupigia."

"Ina maana ulinisajili ukijua?"

"Nilikusajili nikijua. Unafikiri beki wangu mrefu anapenda tu kuganda kushoto kwako kila ikipigwa kona? Nimemwambia pale ndipo kwake, asitoke. Mipira mingapi ya juu kushoto imekufikia msimu huu? Hesabu."

Ambokile akahesabu. Haikufika mitano. Na yeye alikuwa akijisifu kwa ujanja wake.

"Kwa nini hukuniambia, mwalimu?"

"Kila Jumatatu nimekuuliza, 'Unaumwa wapi?' Kila Jumatatu unanijibu uko fiti. Daktari wa mifupa nimeshaongea naye, anakusubiri tangu mwezi wa tatu. Lakini bega haliendi hospitali bila mwenyewe."

Wapendwa, mwanaume yule akakaa chini pale pale, katikati ya jezi za kambani, akalia. Hakulia kwa aibu. Alilia kama mtu aliyetua mzigo kichwani na shingo haijaamini bado. Kocha akaendelea kuanua. Baadaye akamwambia, "Ukimaliza, nishikie beseni. Kwa mkono wa kulia."

Najua kuna wenzangu hapa mnaosema kocha yule alikosea, angemtoa mapema. Labda. Mimi simtetei. Nawaeleza yaliyompata Ambokile.

Jumamosi alikaa benchi, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Aliyedaka ni kipa wa akiba, mtu mzima aliyekaa benchi mwaka mzima bila kunung'unika. Wakatoka sare, goli moja kwa moja, wakapanda. Wiki iliyofuata Ambokile akafanyiwa upasuaji. Miezi minane hakugusa mpira. Timu kubwa ya jiji haikumwita tena, na wala hakusubiri waite. Alirudi langoni kwa kocha yule yule, akadaka misimu mitatu, kisha akawa mwalimu wa makipa. Watu wakimuuliza siku yake nzuri kuliko zote katika mpira, wanategemea ataje kombe fulani. Yeye anasema ni siku aliyochelewa mazoezini kwa sababu macho yalikuwa mekundu kwa kulia kati ya jezi.

Sasa tutoke uwanjani, tuje kwetu sisi.

Tumekaa hapa tumevaa vizuri, tumepiga pasi. Na ndani ya shati kuna mkono hauinuki. Yupo mwenye uchungu wa miaka kumi na ndugu yake. Yupo anayekunywa kwa siri. Yupo mama anayewaombea wengine wote, na yeye mwenyewe imani imebaki nyembamba kama uzi, anaogopa kusema. Tunafikiri tumemweza Mungu. Tunafikiri Mungu alituita kwa sababu tulionekana wazima, na siku akigundua atatuacha, kama walivyotuacha wengine.

Ndugu yangu, alikuita akijua. Kile unachokiita ujanja wako, zile siku ulizopona na hujui umeponaje, kuna mtu aliwekwa pale, na hukumwona. Kinachotuchosha siyo kidonda. Ni kukificha.

Leo sitamwita mtu yeyote mbele. Baki hapo ulipokaa. Inamisha kichwa, umwambie panapouma, kwa jina lake. Hatashtuka.