Chakula Kisicho na Mtu

Wapendwa, kulikuwa na mjane mmoja aliyehama kijijini baada ya kumzika mumewe, akaja mjini kukaa kwa mwanawe. Tumwite Mama Nakiete. Huko alikotoka alikuwa mtu wa makande na ndizi, mtu aliyezoea kula akiwa amebanana na wenzake kuzunguka sinia moja. Mwaka uleule akaanza kukonda, kiu haiishi, macho yanaona ukungu. Akapimwa. Sukari.

Mtaalamu wa lishe pale kliniki alimweleza vizuri. Hakumnyima chakula. Alimwambia apunguze ugali na wali, tonge lisizidi ngumi yake, nusu ya sahani iwe mboga za majani, na chai anywe bila sukari. Mama akaitikia. Mkwewe, binti mwenye moyo safi kabisa, akanunua sufuria ndogo siku hiyohiyo.

Basi Mama akawa anapikiwa chake: mchicha, dagaa, maharage kidogo, na kipande cha ugali wa dona. Na kwa kuwa wengine hawakuacha wali wa nazi na chapati, wakaona ni kumtesa kumkalisha mbele ya vyakula vile. Akawa anapelekewa sahani chumbani mapema, na mlango unarudishwa ili harufu isimfikie. Niambieni, hapo ubaya uko wapi? Hata majirani walimsifu yule mkwe.

Mama alikula akitazama ukuta. Alisikia vijiko. Alisikia wajukuu wakigombania ukoko, akamsikia mwanawe akisimulia mambo ya kazini, kisha kicheko. Wakati mwingine na yeye alicheka huko ndani, peke yake, kwa jambo ambalo hakulisikia vizuri.

Mwanzoni sukari ilishuka. Baadaye ikapanda, ikazidi kupanda, mpaka kidonda kidogo cha kidole cha mguu kikakataa kupona. Mwanawe akapekua chumba akitafuta biskuti na soda. Hakukuta kitu.

Jirani ndiye aliyemfumbua macho. Alimwambia kwamba mama yake hakosi msiba. Wala si misiba ya jamaa tu. Hata ya mitaa ya mbali, ya watu asiowajua. Akisikia turubai limefungwa mahali, anajitanda kanga na kwenda. Jumamosi moja mwanawe akamfuata. Akamkuta amekaa mkekani na wanawake wageni, sinia la wali katikati, mkono wake umo. Alikuwa anazungumza, na uso wake umechangamka kwa namna ambayo mwanawe hakuwa ameiona tangu baba yake afariki.

Akamsubiri njiani. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira ile alikuwa na hofu ya kidonda.

"Mama, ni wali gani huo unaokutoa nyumbani, unaufuata kwa watu usiowajua, na unajua unakumaliza?"

Mama alitembea kidogo akichechemea. Mguu ulikuwa unamuuma.

"Mwanangu, wali wenyewe haukuwa hata na chumvi. Lakini nikikaa pale, mtu asiyenijua ananisogezea mnofu, ananiambia, bibi, kula. Chakula cha mkeo ni kizuri, na kinanifaa. Ila hakina mtu."

Jioni ile mwanawe akamwomba mkewe nyumba nzima wale chakula cha mama. Watoto walinuna. Mama akatolewa chumbani, akakalishwa katikati yao. Msidhani yote yalitengenea. Kidole kilikatwa, walikuwa wamechelewa. Lakini sukari ilirudi pale daktari alipotaka. Na sikukuu wali ulipopikwa, Mama alichukua kidogo, kilichobaki akawasogezea wajukuu bila kuambiwa na mtu.

Sasa, mama yule alikuwa na njaa ya nini? Sisi tunajua kumpunguzia mgonjwa ugali, na ni vema. Asiyefanya hivyo anamdhuru. Lakini daktari alisema tumpunguzie chakula. Nani alituambia tumpunguzie watu?

Msimtafute mama huyo kwenye mtaa mwingine. Leo baada ya ibada tuna chakula cha pamoja. Nimepita ukumbini asubuhi, nikaona akina mama wamefanya kazi kubwa, Mungu awabariki. Nikaona pia meza ndogo kule nyuma, karibu na mlango wa stoo, imebandikwa karatasi: "Wenye sukari". Najua imewekwa kwa upendo. Wazee wa kanisa, nawaomba mtangulie sasa, kabla sijatoa baraka, mkaiondoe. Mboga zilizo juu yake zije meza kubwa, ziwe mbele, kila mmoja wetu aanze kupakua hapo. Mimi nitakuwa wa kwanza. Kisha tukae pamoja, tule.